Mrejesho: mdahalo wa likizo ya Juni

Wakuu, mwezi wa tano niliomba ushauri wa kuendesha mafunzo ya mdahalo kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu hapa Morogoro wakati wa likizo. Tumemaliza Ijumaa. Asanteni sana.

Mlionishauri nifuate mtindo wa mashindano ya dunia ya shule, wasemaji watatu kila upande, mlikuwa sahihi. Ila dakika 8 kwa msemaji ziliwashinda. Ikifika ya tatu mtoto kaishiwa. Nikashusha hadi 4, maswali ya wapinzani yakiruhusiwa baada ya dakika ya kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni lugha. Siku mbili za Kiingereza walikariri tu. Tulipohamia Kiswahili, hoja ikiwa bodaboda zizuiwe mjini kati, binti mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo alisimama akamtetea kaka yake anayeendesha, akitaja hesabu ya siku na bei ya mafuta. Darasa zima kimya. Wiki ya pili tukarudi kwenye Kiingereza kwa hoja zilezile, na safari hii walijieleza.

Uji wa saa nne walichangia wazazi. Desemba tunarudia, nikipata waamuzi wawili zaidi.