Kubomoa ukuta wa sebule: bimu ya zege au chuma?

Mnjiro: Wakuu, nataka kutoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, nipo Njiro. Fundi anasema bimu ya zege, shemeji anang'ang'ania chuma cha I (bimu ya chuma yenye umbo la herufi I). Kipi bora? Kazi inaanza Jumatatu.

MzeeWaNondo: Upana gani? Juu kuna slabu (sakafu ya zege) au kenchi (fremu za mbao za paa)? Tofali zimelazwa au zimesimamishwa? Bila hayo tunapiga ramli.

Mnjiro: Mita 4 hivi. Juu bati la kawaida.

BintiRau: Panda darini uangalie. Kama kenchi zinavuka toka ukuta wa nje hadi wa nje bila kukalia huo, huenda haubebi kitu. Hela ya bimu nunua vigae.

Mnjiro: Aa, bati ni upande wa nyuma. Juu ya huo ukuta kuna slabu na chumba cha wageni.

MzeeWaNondo: Kumbe ghorofa! Basi chuma. Zege hesabu yake ya kukomaa ni siku 28, utaishi na mirunda ya kushikilia slabu sebuleni. Tena ukimwaga chini ya slabu iliyopo, juu hubaki uwazi. Chuma unapachika, unashindilia mota kavu kwenye uwazi wa juu, imekwisha.

KibokoPasua: Haijaisha, mzee. Hapa Moshi jirani yangu aliweka hichohicho chuma. Fundi akasimamisha mirunda upande mmoja tu, eti upande wa pili kuna makochi. Usiku wakasikia slabu inalia. Kulipokucha mlango wa juu haufungi, ufa umetoka dirishani hadi kwenye kona. Halafu chuma walikilaza juu ya tofali tupu, bila kitako cha zege. Tofali zikasagika, kikashuka. Mwishowe wakamwita injinia yuleyule waliyemwona ghali, akawachimbia msingi na kusimamisha nguzo kila upande. Makochi yakauzwa kulipia.

BintiRau: Hilo ni kosa la fundi, chuma hakina hatia. Ila moto ukishika, chuma hulegea. Zege hustahimili zaidi.

KibokoPasua: Na kibali cha halmashauri unacho?

MamaSakina: Mimi nauliza jiko liko wapi. Kama limepakana na hapo, ukikaanga dagaa nyumba nzima itanuka.

BintiRau: Dada, siku hizi watu wanapenda jiko wazi.

MamaSakina: Wanaokula mikate.

Mnjiro: Jiko lina mlango, msiwe na wasiwasi. Shemeji anasema ana kipande cha reli ya zamani, hakiwezi kukaa badala ya I?

MzeeWaNondo: Reli kaitoa wapi huyo shemeji?