Tupeane uzoefu: baga ya kibandani inayopangiwa foleni inapikwaje?

Mpishi wa Kona
Wakuu, uzi huu ni wa wanaopika baga na wanaoila kwa makini. Naanza na El Reno, mji mdogo magharibi ya Oklahoma City, Marekani, ambako baga ya vitunguu inauzwa tangu miaka ya 1920. Mgahawa wa Robert's Grill upo tangu 1926, na ile ya Johnnie's na Sid's haiko mbali nao. Jumamosi ya kwanza ya Mei mji mzima huisherehekea baga hiyo. Chanzo chake ni ukata: nyama ilikuwa ghali, vitunguu vya bei ya chini, wauzaji wakajazia vitunguu ili kipande kidogo cha nyama kimshibishe mtu. Ukata ulipita, vitunguu vikabaki kwa sababu ni vitamu.

Ukifika kule kaa kaunta, usikae mezani. Mpishi anaweka bonge la nyama kwenye bapa la chuma, anarundika juu yake konzi nzima ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, kisha anabonyeza mpaka vitunguu vizame ndani ya nyama. Akigeuza, vitunguu ndivyo vinavyokaa chini na kukaangika kwa mafuta ya nyama yenyewe. Mkate anaufunika juu ili ule mvuke.

Anayejua nyama, chuma au mkate aeleze kwa vipimo. "Weka kiasi" haimsaidii mtu.

Bucha Mwandamizi
Kwenye nyama hesabu ni moja: asilimia 80 nyama, asilimia 20 mafuta. Ng'ombe wetu wa asili hana mafuta mengi ndani ya misuli, kwa hiyo ukiomba steki tupu ikasagwa utapata baga kavu, hata mpishi awe hodari namna gani. Mwambie muuzaji akupimie gramu 800 za bega au shingo na gramu 200 za mafuta ya kidari. Kataa mafuta ya figo. Ni magumu, huyeyuka kwa shida, na baga ikipoa kidogo yanaganda kwenye kaakaa.

Kabla ya kusaga, kata vipande vya sentimita 3 uviweke kwenye friza dakika 30 hivi, pamoja na kisu na sahani ya tundu za mashine. Nyama ikiwa ya uvuguvugu mafuta yanasagika kuwa uji na kutoka yote kwenye kikaangio. Saga mara moja kwa tundu za milimita 5 hivi. Ukirudia mara tatu kama ya sambusa, inashikana na kuwa ngumu.

Bint Kisauni
Kwa walio pwani na Ghuba: mafuta ya mkia wa kondoo ni laini kuliko ya figo na yana harufu nzuri. Yasizidi gramu 100 kwa kilo. Yakizidi utasikia kondoo tu, ng'ombe hayupo.

Naomba mnisaidie hapa. Wengi huku hutia yai, chenga za mkate, tangawizi, thomu na chumvi, wakakanda. Ni kosa?

Mzee wa Chuma
Dada, hiyo ni kababu, na kababu njema ni chakula cha heshima. Ila si baga. Chumvi ikikandwa ndani inayeyusha protini za nyama, zinashikana, unapata kitu kinachoruka ukikitafuna kama soseji. Yai na chenga vinashika maji na kuzuia nyama isipate ukoko. Nyama ya baga haikandwi kabisa. Igawe kwa uzito, iviringishe upesi kwa viganja vilivyolowa, iache ilegee. Chumvi inanyunyizwa juu ikishakuwa kwenye chuma, robo tatu ya kijiko cha chai kwa nusu kilo, pamoja na pilipili manga.

Sasa chuma. Tumia kikaangio kizito cha chuma au chuma cha chapati. Vikaangio vilivyopakwa dawa ya kutoshika havifai, kwa sababu moto huu unaharibu ile dawa. Pasha dakika 5 hadi 8 mpaka tone la maji liruke na kukauka papo hapo. Kwa baga nyembamba bila vitunguu, weka bonge la gramu 70 bila mafuta, funika na karatasi ya kuokea, gandamiza kwa nguvu sekunde 10. Lazima iwe ndani ya nusu dakika ya kwanza. Ukigandamiza baadaye, mafuta yameshayeyuka na unayakamua yote nje. Ikifika dakika moja na nusu kingo zinakuwa kahawia. Kwangua kwa skrepa mpya ya chuma, uiinamishe ili ukoko utoke na nyama, geuza, weka jibini, subiri sekunde 45.

Ukiona nyama inatoa maji na kugeuka kijivu, chuma hakikuwa cha moto au umejaza vipande vingi. Ukoko hauji mpaka maji yakauke, basi acha nafasi ya vidole viwili kati ya vipande.

Mpishi wa Kona
Ya El Reno inataka moto wa chini kidogo, maana vitunguu vinaungua upesi. Gramu 100 za nyama, gramu 60 hadi 80 za vitunguu. Dakika 3 upande wa nyama, geuza, punguza moto, dakika 3 au 4 upande wa vitunguu.

Vitunguu vyetu vyekundu, vya Singida au Mang'ola, ni vikali kuliko vile vyao vya njano. Kata unene wa milimita 1, nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kila robo kilo, acha dakika 20, kamua kwa kitambaa. Usipokamua vitachemka badala ya kukaangika. Chumvi ya nyama uipunguze nusu.

Fundi Skonzi
Mkate mgumu unasukuma nyama nje kila ukiuma. Unga wa ngano gramu 500, maziwa vuguvugu mililita 280, yai 1, siagi gramu 50, sukari gramu 40, chumvi gramu 9, hamira ya chenga gramu 7. Kanda dakika 10, uumuke mpaka uwe maradufu, gawa mipira 11 ya gramu 85 hivi, ibonyeze bapa, iumuke tena, oka nyuzi 190 kwa dakika 15. Nyingi za dukani zinafaa ukizipasha: paka siagi upande uliokatwa, laza kwenye chuma mpaka iwe ya dhahabu. Ukoko huo ndio unaozuia mchuzi usilowanishe mkate.

Jibini tumia ile ya slesi. Ina chumvi maalumu zinazoifanya iyeyuke bila kuachana na mafuta.

Bint Kisauni
Shukran, nimeelewa. Na kibanda kigeni mtu akipime vipi kabla ya kulipa?

Mzee wa Chuma
Tazama chuma kwanza. Kama nyama zilizoiva zimerundikwa pembeni zikisubiri wateja, ondoka, hata foleni iwe ndefu. Nyama mbichi inatakiwa itoke kwenye friji au kasha la barafu, kidogo kidogo, isikae mezani juani. Ya kusaga ni hatari kuliko ya kipande kwa sababu vijidudu vya juu vimeshachanganywa mpaka ndani. Baga nene inatakiwa ifike nyuzi 71 katikati, nawe ukiuza nunua kipimajoto.

Sikiliza pia. Nyama ikiguswa na chuma iwe na kelele kali. Ikinyamaza, chuma kimepoa. Halafu angalia kama anakwangua chuma kila baada ya mzunguko. Masizi ya baga iliyotangulia yanaingia kwenye yako yakiwa machungu, na sosi haifichi uchungu huo.