Nimeuziwa roboti ya kufagia isiyovuka hata kizingiti, halafu naambiwa nyumba yangu ndiyo haifai

Assalaam aleikum jamani. Nina hasira na sitaificha. Mwezi uliopita nilimtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni, yuko Nairobi, shilingi 38,500 za roboti ya kufagia nyumba. Leo roboti hiyo imerudi kwenye boksi lake chini ya kitanda, mamangu amerudi kwenye ufagio wa chelewa, na jana usiku muuzaji kaniandikia hivi: "Dada, mashine haina shida, ni nyumba yako haifai."

Nyumba yangu haifai! Nyumba aliyozaliwa nyanyangu!

Tuko Lamu, mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Wanaokaa nyumba hizi wanajua zilivyo. Ukitoka tekani, yaani ukumbi wa mlangoni, unaingia kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu; ukitoka kiwanda unapanda msana, ukumbi mrefu unaotazama ua; ukitoka msana unapanda tena ndani, chumba cha nyuma. Nimepima kwa tepu ya fundi. Kiwanda na msana vimepishana sentimita 16. Msana na ndani, sentimita 11. Chumba cha mama kina kizingiti cha mbao cha sentimita 6. Roboti niliyouziwa mwisho wake wa kupanda ni sentimita 2, na nyingi za aina hii ndipo zinapoishia. Limeandikwa kwenye kijitabu chake, kurasa za nyuma huko, kwa Kichina. Nimelijua baada ya kupiga picha ukurasa na kuutafsiri kwa simu, pesa zishakwenda.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba niliuliza. Kabla sijalipa nilimtumia picha nne za nyumba, nikamwandikia: "Itapanda hivi vidaraja?" Akajibu: "Inapanda kila kitu dada, hii ni 4000Pa." Sasa nimesoma, nimeelewa. Hiyo Pa ni paskali, kipimo cha nguvu ya kuvuta hewa. Na magurudumu haihusiani kabisa. Ni kama umwulize nahodha jahazi lake linachukua watu wangapi, akutajie urefu wa mlingoti. Wateja tunarushiwa namba hiyo kwa sababu ni kubwa na inang'aa kwenye boksi, na aliyeiandika ni mtengenezaji mwenyewe.

Sikununua kwa anasa. Mamangu ana miaka 67 na mgongo umemchoka. Ufagio wa chelewa hauna mpini, lazima uiname, na nyumba hii haikubali kufagiwa mara moja kwa siku. Ukutani unamwagika unga wa chokaa, miguuni unaingia mchanga, paka wanapita watakavyo, na kaskazi ikivuma unafagia asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu ya meza. Nilikuwa nimejibana miezi saba nimtoe kwenye kazi hiyo.

Mzigo ulikuja kwa basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti, hamali akauleta mpaka mlangoni. Kufungua, plagi ni ya vile vyuma viwili bapa, haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu. Nikanunua adapta. Kuwasha, inasema Kichina. Nikapakua programu yake kwenye simu, nikafuata hatua zote, ikakataa katakata: kifaa hiki hakitumiki katika eneo lako. Kumbe ni mashine iliyotengenezwa kuuzwa China, imefungwa kwenye seva za huko. Muuzaji akaniambia nibadilishe nchi kwenye programu niweke China. Nikaweka. Ikaunganika, lakini sauti na maelezo yote yakabaki Kichina, na umeme ukikatika nikaiunganisha upya nasumbuka nusu saa. Mama hawezi kuigusa bila mimi. Sasa msaada uko wapi?

Alijua ni ya China. Hakuandika popote kwenye tangazo lake.

Nikasema basi, angalau ifagie msana peke yake. Msana wetu una zulia jekundu lenye miraba myeusi. Roboti ikifika kwenye mweusi inasimama, inarudi nyuma, inazunguka, inasimama tena. Nilidhani imeharibika. Kumbe chini ya tumbo lake kuna sensa, yaani vihisio, zinazopiga mwanga usioonekana sakafuni. Mwanga ukirudi inajua pana sakafu, usiporudi inajua ni shimo. Rangi nyeusi inaumeza mwanga ule. Kwa hiyo kwake yeye, zulia la mama limejaa mashimo. Nikalikunja zulia. Ikaenda kwenye mkeka, ikausukuma wote ukutani ukawa furushi, nyuzi za pembeni zikajisokota kwenye brashi mpaka nikazikata kwa wembe.

Siku ya nne ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi, jua limeshuka kiwandani, mimi nimekaa kwenye baraza nachambua mchele. Naiona inakuja ukingoni mwa msana. Siku tatu zote ilikuwa ikifika pale inageuka. Siku hiyo haikugeuka. Gurudumu la kushoto likatoka nje, ikaning'inia, ule ufagio wake mdogo wa pembeni unazunguka hewani, kisha ikaanguka kifudifudi kwenye mawe ya kiwanda. Kifuniko kikapasuka, kisanduku cha uchafu kikafunguka, mchanga wote ukamwagika. Nilipoigeuza nikatazama zile sensa: kila kijidirisha kimefunikwa utando mweupe. Chokaa. Nikapitisha kidole, kikatoka cheupe kama nimeshika unga wa ngano. Nadhani utando huo mweupe ndio uliokuwa ukiurudisha mwanga, ikadhani bado pana sakafu. Hakuna aliyeniambia kwamba vinatakiwa kufutwa, wala kila baada ya siku ngapi kwenye nyumba yenye vumbi la chokaa.

Hapo sijagusa chujio. Mchanga wetu ni laini, unakwenda moja kwa moja kwenye chujio, na kila mzunguko nilikuwa nalipigapiga nje dirishani la sivyo inavuta kama mgonjwa wa pumu. Niliulizia chujio la akiba na brashi. Jibu: "Agiza China."

Mwenye kuuza vitu hivi alipaswa kuniuliza mambo matatu manne tu. Milango yenu ina vizingiti vya kimo gani? Mnatandika nini sakafuni? Sakafu iko usawa mmoja au ina madaraja? Atakayeitumia ni nani? Angeniuliza hayo, mimi mwenyewe ningesema hapana, nikamnunulia mama ufagio wa mpini mrefu na kifyonza vumbi cha kawaida cha kushika mkononi, na chenji ingebaki. Mashine hizi si uongo. Nyumba mpya ya vigae vilivyolala usawa mmoja, zulia hakuna, nakubali itafanya kazi. Lakini usimwuzie mtu wa Amu, yaani Lamu yetu, kitu cha ghorofa ya Nairobi huku picha za nyumba yake umeziona kwa macho yako.

Na asiniambie "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nayo. Mimi nilidanganywa nilipouliza.

Nataka 38,500 zangu. Nauli ya kurudisha boksi nitalipa mimi, hata hiyo adapta nimemwachia. Picha nilizomtumia ninazo, jibu lake la "inapanda kila kitu" ninalo pamoja na tarehe, ujumbe wa malipo ninao. Nimempa hadi Ijumaa, baada ya hapo napeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani wa biashara, maana wao hupokea kesi za wanunuzi.

Kama kuna mwenzangu wa Lamu au Malindi aliyeuziwa mashine ya China hivi hivi bila kuambiwa, tafadhali aandike hapa chini ilikuwaje na kama alirudishiwa pesa. Nataka kwenda nikiwa na wenzangu.