Mrejesho: folda zilizojirudia baada ya kuhamia kompyuta mpya

Niliuliza kwa nini folda za hifadhi ya mtandaoni zimekuwa mbilimbili, moja ikiwa na "(1)" mwishoni. Limetatuka, asanteni sana. Folda ya zamani ilinakiliwa kwenye kompyuta mpya kwa kutumia diski ya nje kabla ya kuingia kwenye akaunti, programu ya hifadhi hiyo ikaziona faili zile kuwa ngeni na kuzipakia upya.

Ukikumbwa na hili, simamisha usawazishaji kwanza, yaani programu kufananisha faili za kompyuta na za mtandaoni. La sivyo, unachofuta kinafutika hadi mtandaoni. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake, si "ukubwa kwenye diski" (nafasi ambayo faili inachukua kwenye kompyuta), kwani faili iliyobaki mtandaoni tu huonyesha sifuri hapo. Tarehe msiziamini, kunakili huweza kuzibadilisha. Zilizomo kwenye "(1)" pekee zihamishiwe folda asilia, ndipo folda ya "(1)" ifutwe kupitia kivinjari. Pipa la taka lisimwagwe bado.