Mtoto wa miaka miwili na katuni: je, ni kweli hana utulivu?

Mama wa Ipagala: Habari zenu, wazazi wenzangu. Binti yangu ametimiza miaka miwili, na mchana hushinda na dada wa kazi kwa kuwa mimi na baba yake tuko kazini Mtumba. Akiwekewa katuni kwenye simu hutulia mpaka ziishe, lakini akipewa vikombe vyake vya kuchezea huviacha baada ya muda mfupi na kukimbilia kitu kingine. Bibi yake anaona kwamba katuni ndizo zinazomfundisha kutulia. Naomba kujua kama hali hii ni ya kawaida, na ni muda gani wa katuni unaomfaa.

Muuguzi, kliniki ya watoto: Mama, pole na majukumu. Kuhamahama katika michezo ni kawaida kabisa kwa umri huo. Kutulia mbele ya simu si kipimo cha umakini, kwa sababu picha na sauti hubadilika zenyewe na kumvuta mtoto bila yeye kujishughulisha, ilhali kwenye vikombe ni lazima aamue mwenyewe kinachofuata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wa mwaka mmoja asiwekewe kabisa.

Mwalimu wa chekechea, Kikuyu: Naomba niongeze kuhusu runinga ya sebuleni. Ikiachwa ikiwaka, hata kama hakuna anayeitazama, humkatiza mtoto mchezo wake na kupunguza maneno anayoambiwa na mkubwa aliye naye, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni kubwa kuliko ya katuni zenyewe. Dada anapopika, mtoto akae mbali na moto lakini mahali anapoonekana, apewe sufuria tupu, mwiko na vile vikombe, huku dada akimtajia anachokishika. Mtamwona akitumbukiza kikombe kidogo ndani ya kikubwa, akikitoa, akikirudisha tena na tena. Huo ndio umakini wa miaka miwili, na asikatizwe.

Baba wa Nzuguni: Tusimsahau dada. Kumkataza simu huku kufua, kupika na kulea vyote vikibaki juu yake ni kumwonea. Afadhali kufua kusubiri Jumamosi mkiwepo. Mama, wakati wa chakula cha mchana mpigie binti yako kwa video mzungumze, kwani hapo kuna mtu anayemjibu, jambo ambalo katuni haziwezi.