Rumeti anataka nilipe theluthi mbili ya umeme kisa nafanyia kazi nyumbani, ni haki kweli?

developa_kimya (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi mrefu kidogo, wale wa "nimeishia aya ya kwanza" piteni tu kwa amani.

Nina miaka 26, naandika kodi za programu za kompyuta, sio ya nyumba, hiyo tunalipa wote. Nipo upande wa seva, yaani vile vitu mtumiaji havioni kwenye aplikesheni ila vikizima tu anatukana ukoo mzima. Naishi na jamaa yangu tuliyesoma wote, vyumba viwili, sebule moja, jiko moja, mwaka wa pili huu. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, kila kitu nusu kwa nusu, hatujawahi kugombania hela hata siku moja.

Miezi minane iliyopita kazini wakasema anayetaka kufanyia kazi nyumbani ruksa. Mimi nikaona huu ndio mteremko, natoka chumbani naingia sebuleni nimeshafika ofisini. Mwenzangu anaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri anarudi jioni amechoka hoi. Mwanzoni poa tu. Baadae zikaanza zile za "si upo nyumbani, fundi wa bomba anakuja saa nne mfungulie", "si upo, kuna mzigo wangu unaletwa upokee", "mbona vyombo vipo hivi na ulikuwepo siku nzima". Kaka mimi nilikuwepo ndio ila nilikuwa kwenye mitingi nne na seva moja inayokufa kila baada ya nusu saa! Nikanyamaza.

Juzi bili ya umeme imekuja kubwa kuliko kawaida. Jamaa kaiweka mezani, akasema kwa upole tu (na upole ndio umeniuma zaidi) kwamba kuanzia sasa mimi nilipe theluthi mbili yeye moja, kwa sababu yeye mchana hayupo na mimi kompyuta inawaka kutwa. Nikamwambia laptopu haili umeme hivyo, akasema "sawa wewe ndio mtaalamu", akaingia chumbani kwake. Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba mbili tofauti.

Na mimi nina yangu pia. Akirudi mapema mitingi zangu zinaganda, picha inasimama nimeachama mdomo. Wiki iliyopita kapita nyuma yangu na taulo anatoka kuoga, kamera iko wazi, bosi kasema tu "naona leo tuna mgeni". Nikiwa na zamu ya usiku simu ikilia saa nane kwamba mfumo umeanguka, yeye ndio anaamka wa kwanza kugonga ukuta.

Niulize: nikubali hiyo theluthi mbili yaishe, nikomae na nusu kwa nusu, au nitafute pa kwangu?

Mla Nyama Mbichi

Hama. Uzi ufungwe.

fundi_nyaya

Mkuu usihame kwa sababu ya kitu kinachopimika. Hesabu ya umeme ni ndogo, chukua wati za kifaa zidisha kwa masaa kinayowaka, gawanya kwa 1000, hizo ndio yuniti. Laptopu ikiwa inafanya kazi ya kawaida weka wati 50, skrini ya pembeni 25, jumla 75. Masaa tisa ya kazi ni 675, gawanya kwa 1000 unapata 0.675, haifiki hata yuniti moja kwa siku. Sasa njoo kwenye ile hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo, nyingi zinakula wati 5,000 na zaidi. Chukua 5,500 kwa robo saa ya kuoga ni yuniti 1.375. Yaani mtu akioga maji moto mara moja kwa dakika 15 amekula mara mbili ya siku yako nzima ya kazi. Pasi ya wati 1,000 nusu saa ni nusu yuniti. Ruta ni wati 10 hivi, hata ikiwaka saa 24 ni 0.24 na mnaitumia wote.

Kitu chochote kinachotengeneza joto ndio mwizi. Kinachotoa mwanga na herufi kinasingiziwa tu.

developa_kimya

Fundi Mungu akubariki, hii nascreenshoti naibandika kwenye friji leo leo. Halafu jamaa anaoga maji moto asubuhi NA jioni 😂

mama_wa_pacha

Mdogo wangu usibandike kitu kwenye friji. Utashinda hesabu ukose mtu wa kukufungulia mlango siku umesahau funguo.

fundi_nyaya

Kabla hujabandika, swali moja. Hapo ndani una laptopu tu? Watu wa kodi nawajua, lazima kuna dude lingine kwenye kona.

developa_kimya

Kuna desktopu chumbani, ila hiyo siihesabu kwa sababu sio ya kazi.

fundi_nyaya

Mita inaihesabu. Ina kadi ya grafiksi? Inawaka muda gani?

developa_kimya

Ina kadi ndio. Inawaka... muda wote, naingia kwa mbali nikiwa nje, na usiku huwa naiachia ifundishe modeli ninazojifunzia za akili mnemba. Lakini mara nyingi imekaa tu haifanyi kitu.

Mla Nyama Mbichi

Mwizi kapatikana 😂😂😂 narudisha kauli yangu, ahame jamaa.

fundi_nyaya

Sasa ona mkuu. Desktopu ya namna hiyo ikikaa tu bila kazi inaweza kula wati 60 mpaka 100, na kadi ikiwa inabanwa inapanda 300, 400 hata zaidi kutegemea na kadi yenyewe. Chukua 350 kwa masaa nane ya usiku hiyo ni yuniti 2.8 umelala. Nunua kile kimita kidogo cha kuchomeka ukutani halafu unachomeka kifaa juu yake, kinakusomea wati hapo hapo. Pima kila kitu wiki moja, na cha kwake pia, bila kumficha. Usije na mahesabu ya kwangu, nenda na namba za nyumba yenu.

Na hiyo mashine haina haja ya kuwaka kutwa. Ilaze, iunganishe kwa kebo kwenye ruta, washa ile huduma ya kuamsha kompyuta kupitia mtandao kwenye mipangilio ya bayosi, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Ukiihitaji unaiamsha kwa simu.

binti_wa_zamu

Naomba niongee upande wa jamaa maana mimi ndio huyo jamaa. Naishi na mtu wa IT, mimi kazi yangu ni ya zamu nasimama masaa kumi na mbili. Unarudi miguu inawaka moto, unakuta mwenzio kakaa kwenye kochi, kava blanketi, laptopu mapajani, kikombe pembeni, na sebule imejaa nyaya. Akili yako INAJUA anafanya kazi. Ila macho yanaona mtu kapumzika. Sasa wewe huwezi kwenda kumwambia mtu "naona wivu unakaa", si utaonekana mchawi? Unatafuta kitu kinachosemeka. Mimi kwangu kilikuwa vyombo, kwa rumeti wako ni umeme.

Halafu kuna kingine hujakiandika, sebule. Kabla hujaanza kufanyia kazi nyumbani sebule ilikuwa ya wawili. Sasa akirudi ni ofisi yako, hawezi kuwasha tivii, hawezi kupiga simu kwa sauti, hawezi kupita na taulo kwenye nyumba anayolipia kodi! Hilo la taulo umelileta kama kosa lake kaka.

developa_kimya

Dada hapo kwenye taulo umenimaliza.

Naomba nijitetee kidogo, chumbani meza haiingii vizuri na waifai inafika kwa kusuasua. Ila kweli sikuwahi kumuuliza kama naweza kuichukua sebule. Ilitokea tu. Siku ya kwanza laptopu, ya pili skrini, ya tatu kiti.

nyoka wa ethaneti

Mimi nimevutiwa na mitingi kuganda, hayo mengine ya moyoni sina utaalamu. Inaganda jamaa akirudi, siku zote? Au muda fulani hasa?

developa_kimya

Kuna mbili. Moja akiingia tu, kama dakika kumi hivi hovyo kabisa halafu inakaa sawa. Nyingine ni akipasha chakula.

nyoka wa ethaneti

Hiyo ya pili ni maikrowevu. Inatumia mawimbi ya kama gigahezi 2.45, na waifai ya zamani ipo hapo hapo kwenye 2.4, kwa hiyo ikivuja kidogo tu inaifunika waifai yako kwa ile dakika mbili. Hamia gigahezi 5, kwenye ruta nyingi utaiona kama jina la pili la waifai. Ubaya wake haipendi kuta, kwa hiyo huko chumbani inaweza kusuasua zaidi.

Hiyo ya kwanza nahisi ni simu yake. Mtu akifika nyumbani simu ikidaka waifai inaanza kupandisha picha na video zote za mchana kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Intaneti nyingi za majumbani njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha, simu moja inaijaza yote, na mitingi yako nayo inahitaji hiyo hiyo njia kutuma uso wako. Ndio maana wewe unawaona wenzako vizuri ila wao wanakuona umeganda. Muombe aweke hizo nakala zipande usiku, au ingia kwenye ruta uipe laptopu yako kipaumbele. Ila dawa ya kudumu ni kebo. Kebo ya mtandao ya aina ya Cat5e inapitisha gigabiti 1 mpaka mita 100, hapo kwenu ni mita kumi tu. Vuta kebo mpaka chumbani, rudisha sebule kwa wananchi.

mama_wa_pacha

Huyo kasema kwa nyaya nilichotaka kusema kwa maneno.

Kobe Asiyelala

Zamu ya usiku: weka simu kwenye mtetemo, chini ya mto au saa ya mkononi inayotetemeka. Na mwambie kabla, "wiki hii nina zamu, usiku inaweza kulia". Mke wangu kelele haimuudhi kama kushtukizwa.

developa_kimya

MREJESHO, baada ya siku tisa.

Kimita nilinunua. Laptopu na skrini vimekaa kwenye wati 61. Desktopu ikiwa imekaa tu 85, modeli ikiwa inafundishwa 340. Wakuu, 85 kwa saa 24 ni zaidi ya yuniti mbili kila siku kwa mashine ambayo haifanyi kitu, nilikaa nikaitazama ile namba kama mtu anayesoma majibu ya mtihani aliofeli. Hita ya bafuni haichomekwi kwenye kimita kwa hiyo nilisoma kibandiko chake, 5,500 kama fundi alivyosema.

Nilimsubiri mpaka amekula, nikamwambia jinsi mambo yalivyo, desktopu ni yangu na ilikuwa inakula kuliko laptopu, hiyo nitaibeba peke yangu. Kumbe alikuwa na lake. Hakutaja hata yuniti. Akasema, "wewe tangu uanze kukaa nyumbani mimi narudi kwenye ofisi ya mtu." Dada wa zamu, nilikukumbuka hapo hapo nikacheka, ikabidi nimuoneshe huu uzi. Kausoma wote. Anasema Mla Nyama Mbichi ajiangalie.

Tulipofika: umeme tunarudi nusu kwa nusu ila desktopu naipima na kuilipia pembeni, na sasa hivi inalala. Mimi nahamia chumbani, nimeuza kabati nimepata nafasi ya meza. Fundi au mzigo wa kupokea aniambie siku moja kabla, na mimi niwe na haki ya kusema leo siwezi nina mitingi. Vyombo bado tunabishana, anasema anayekula mara tatu nyumbani aoshe zaidi, na kusema kweli hapo sina hoja.

Maji moto hajapunguza. Sikuligusa hilo.

Mla Nyama Mbichi

Msalimie. Mwambie nilikuwa upande wake tangu uliposema "siihesabu".

binti_wa_zamu

Na taulo?

developa_kimya

Taulo ni ruksa saa yoyote dada, sebule ni ya wananchi.

Nyoka, kebo nimeshanunua mita 15. Naipitisha chini ya mlango au juu?

nyoka wa ethaneti

Juu. Chini itakanyagwa na mlango utaitafuna taratibu, baada ya miezi mitatu utarudi hapa unauliza kwa nini inakata. Na usiipigilie misumari kabla hujaijaribu.