Nalala na 8, naamka na 12, na sijatia kitu mdomoni

Bi_Mahamri (Lamu)
Asalam alaikum ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Langoni. Mwaka juzi niliambiwa nina sukari, aina ya pili. Nameza dawa ya sukari, metformini ya miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja usiku baada ya chakula.

Mchana sina neno, nikipima sukari kidoleni napata 8, ikizidi sana 9. Balaa ni alfajiri. Juzi nililala na 7.9, nikaamka na 12.2. Jana nililala na 8.1, nikaamka na 12.6. Nikasema labda ni chakula cha usiku, nikalala na njaa siku mbili. Ya pili yake ikafika 13!

Kazi yangu ni kuuza mahamri. Naamka saa kumi, nakanda unga, na ukishakaa kuumuka ndipo napata nafasi ya kupima. Mume wangu hasemi kitu, ila nimemwona akiihamisha sahani ya halwa kabatini na kuipeleka chumbani kwake. Wallahi siigusi. Kliniki ni mwezi ujao. Nifanyeje?

Nahodha_Mstaafu (Malindi)
Waalaikum salaam dadangu. Pole. Mimi nilikuwa natumia glibenklamidi, dawa nyingine ya sukari. Usiku naota ndoto za ajabu, naamka shuka limelowa jasho na kichwa kinagonga, halafu asubuhi 14. Nikaona dawa ni ndogo, nikabakisha kidogo tu nijiongezee mwenyewe. Mke wangu akanitoboa kidole saa tisa usiku: 3.2. Kumbe ilikuwa inanishuka nikiwa usingizini! Daktari akapunguza dawa, ndoto zikaisha. Pima saa tisa kwanza, ujue inakuwaje.

Mdalasini_Tu
Chemsha mdalasini na majani ya mlonge, kunywa kikombe kabla ya kulala, dawa za hospitali weka kando wiki mbili. Utanishukuru.

Muuguzi_wa_Zamani (Lamu)
Hapana, asiweke dawa yoyote kando. Mlonge ni mboga nzuri, aupike ale, yaishie hapo.

Bi Mahamri, namba zako si uchawi. Ini ni ghala ya sukari. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hutoa homoni za kukuandaa kuamka, kotisoli ikiwamo, na ini nalo hufungua ghala. Asiye na kisukari, insulini yake huliziba mapema. Kwetu sisi (nami ninayo, mwaka wa 11 huu) ini halisikii vizuri, linaendelea kumwaga. Kwa hiyo mumeo hakukosea kwamba usiku kuna mwizi, kakosea mtu tu. Na kulala na njaa hakukusaidii, maana ghala halihitaji chakula cha jana ili lifunguliwe.

Alilosema Nahodha ni la kweli kwa dawa aliyokuwa akitumia. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari hivyo, lakini pima saa tisa usiku mara mbili tatu, tuondoe shaka.

Swali moja: unapima baada ya kukanda unga. Mikono unanawa?

Bi_Mahamri
Mamangu wee. Najipangusa na kanga.

Bi_Mahamri (siku nne baadaye)
Jamani nimerudi. Leo nimepima mara tu nilipoamka, mikono imenawiwa kwa sabuni na kukaushwa: 10.3. Nikakanda unga wangu, sukari, tui, iliki na hamira, nikajipangusa na kanga kama kawaida, nikatoboa kidole cha mkono uleule: 12.9. Tofauti ya robo saa! Nilikuwa napima mahamri.

Saa tisa nimepima usiku mbili: 8.3 na 8.0. Haishuki.

Muuguzi_wa_Zamani
Umefanya kazi nzuri kuliko wengi. Kwa hiyo sukari ya unga ilikuwa inakuongopea, na ini bado lina lake: 8 saa tisa, 10 alfajiri. 10.3 si ya kuiachia. Kwa wengi wetu kabla ya kula tunatafuta kati ya 4.4 na 7.2, ingawa daktari anaweza kukupangia yako.

Kopo la vijiti vya kupimia nalo lifunike vizuri na liondoe jikoni. Joto na unyevu huviharibu, na bei yake waijua.

Chakula cha usiku unakula saa ngapi, na ni nini?

Bi_Mahamri
Saa nne, mzee akirudi baraza. Wali wa nazi na samaki, chai ya maziwa. Halafu kitandani.

Muuguzi_wa_Zamani
Basi usiku unalala na wali tumboni. Kula baada ya Magharibi, yeye mwekee chake kwenye hotipoti. Samaki na mchicha wajae sahani, wali uwe kiasi cha ngumi yako. Baada ya Isha tembea nusu saa. Si lazima mbio. Musuli inayotembea hunyonya sukari.

Daftari lako lipeleke kliniki wiki hii, usingoje tarehe. Muulize daktari kama dozi ya usiku iongezwe, au upewe ile inayotoka polepole. Aamue yeye, wewe usijiongezee. Na ikikaa juu ya 15, au ukawa na kiu isiyokatika, au ukitapika, nenda siku hiyohiyo.

Nahodha_Mstaafu
Na halwa je?

Bi_Mahamri
Sahani imerudi kabatini, nusu. Sikuuliza. Kutembea peke yangu usiku ndiyo naona haya kidogo.

Mwana_wa_Mkomani
Shoga, mimi na dada yangu hutoka Mkunguni kila siku baada ya Isha, tunafuata njia ya pwani kama mtu aendae Shela, tukichoka tunarudi. Njoo kesho. Utatujua kwa mabuibui meusi.

Bi_Mahamri
Haya, nitamtafuta mwenye buibui jeusi Lamu nzima 😂 Nakuja.